Kilichopotea jukwaani Lubumbashi si kitabu

Mtu wa Lubumbashi, kusini mwa Congo, akitaka kucheka jioni hatafuti ukumbi, anatoa simu mfukoni. Humo anamkuta mama mkwe aliyekuja kwa siku mbili akakaa miezi sita, polisi wa barabarani anayedai karatasi ambayo haipo, mchungaji mwenye madeni. Ni vichekesho vya dakika moja au mbili, vimerekodiwa ndani ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba, katika mitaa ya mji iitwayo Katuba, Kenya au Ruashi, na vinatazamwa mpaka ng'ambo. Wapenzi wa jukwaa wamevipokea kwa hukumu mbili. Wengine wanasema teatre imekufa, na kilichoiua ni uvivu: vijana hawaandiki, wanasimama mbele ya simu wanasema lolote linalowajia. Wengine wanajibu kwamba teatre haijafa, imehama nyumba tu. Naona pande zote mbili zimejikwaa kwenye jiwe lile lile, maana hakuna aliyetazama jinsi mchezo ulivyokuwa ukitengenezwa katika mji huu. Kubuni bila maandishi hakukuja na simu. Simu ilichoondoa ni mazoezi marefu na mtazamaji anayejibu, na hivyo viwili havirudi kwa kuagiza maboksi ya vitabu vya tamthilia.

Anayeikumbuka televisheni ya Zaire anakikumbuka kikundi cha Mufwankolo. Kilicheza kwa Kiswahili cha hapa hapa, na wachezaji wake hawakupewa kurasa za kukariri. Njia yao tunaijua kwa undani kwa sababu mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa nao na kinasa sauti walipokuwa wakitengeneza mchezo kutokana na msemo mmoja wa Kifaransa, « Le pouvoir se mange entier »: ukubwa huliwa mzima, haumegwi. Walianza kwa kubishana. Msemo huu maana yake nini? Anayekubali kuumega ukubwa wake anapatwa na nini? Ubishi ukazaa mpango wa matukio, mpango ukagawanywa vipande, kila kipande kikajaribiwa, kikasimamishwa, kikajadiliwa, kikajaribiwa tena. Maneno yalizaliwa ndani ya mazoezi, kinywani mwa wachezaji. Baadaye mchezo ulichezwa katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni.

Ubishi ule wa kwanza haukuwa maongezi ya kupoteza muda kabla ya kazi. Wenyewe ndio ulikuwa kazi. Ukileta neno « pouvoir » mbele ya watu wa Lubumbashi, Kiswahili chao kinakulazimisha kuchagua. Bukubwa ni cheo pamoja na heshima anayopewa mwenye cheo. Nguvu ni ya mwili, na pia ya dawa. Ufalme una kiti, ukoo na mizimu nyuma yake. Kwa bukubwa utapata mchezo wa bosi ofisini, kwa nguvu utapata mchezo wa mganga, kwa ufalme utajikuta kijijini pamoja na wazee. Kikundi kinachoruka hatua hii kinaingia jukwaani na wachezaji watano wanaocheza michezo mitano, na hakuna karatasi itakayowaokoa.

Mashariki ya lugha yetu, Tanzania, mambo yalikwenda kwa kalamu. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, akairudia mwaka 1969, mwaka ambao pia alitoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi akaleta Makbeth mwaka 1968. Ebrahim Hussein hakutafsiri mtu: Kinjeketile yake ya 1969 ilichukua vita vya Maji Maji ikavifanya swali kuhusu imani na uongozi. Ni kazi kubwa, na zina mafunzo kwa yeyote anayehamisha mchezo kutoka lugha moja kwenda nyingine. Tazama jina lile tu, Mabepari wa Venisi. Kwa Kiingereza, The Merchant of Venice, ni mfanyabiashara mmoja, tena ni Antonio, mtu mwema wa hadithi. Kwa Kiswahili wamekuwa wengi na wamekuwa mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Mtazamaji wa Dar es Salaam alikuwa ameshaambiwa amtazame nani kwa jicho gani kabla taa hazijawaka. Neno moja la jalada lilifanya kazi ambayo muongozaji huitafuta kwa saa mbili. Lakini vitabu hivyo vikifika kwetu, vinafika kama vitabu. Husomwa, hunukuliwa, na mara chache mno husimama kwa miguu.

Wanaodai maandishi wana hoja moja nzito, nami sina nia ya kuipunguza. Mchezo usioandikwa unakufa na wachezaji wake. Mzee akiondoka anaondoka na nafasi yake, namna yake ya kunyamaza kabla ya kujibu, methali aliyoiweka mahali ambapo hakuna mwingine angeiweka. Ule mchezo wa 1986 tunaweza kuuchambua leo kwa sababu moja tu, kwamba kulikuwa na mtu na kinasa sauti. Mingapi mingine haikubahatika? Ila hoja hii inadai kumbukumbu, na kumbukumbu inaweza kuandikwa baada ya onyesho. Kuandika kwanza ni jambo jingine, lina faida zake, na watu wanayachanganya mawili haya kila siku.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya lugha. Inasemwa kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni cha soko na vichekesho, hakiwezi kubeba msiba wa Kaisari wala wa Makbeth. Anayetaka jukwaa la heshima ajifunze kwanza Kiswahili bora. Anayesema hivyo hajasikiliza Lubumbashi inavyozungumza. Hapa mtu mmoja ana Kifaransa cha ofisi na shule, Kiswahili bora cha masomo ya kanisani na cha taarifa ya habari, na Kiswahili cha mtaa, cha « njo vile » (ndiyo hivyo) na « shiye batu ya hapa » (sisi watu wa hapa). Anahama kutoka kimoja kwenda kingine mara kumi kwa siku, na kila anapohama anasema jambo ambalo maneno hayasemi: ninakuogopa, ninakudanganya, sasa tunaelewana. Ukiuandika mchezo mzima kwa Kiswahili bora umezifunga ngazi hizo zote. Shujaa, mlevi na mlinzi wa lango wote wanazungumza kama wanasoma waraka wa Mtume Paulo.

Chukua mazishi ya Kaisari. Shakespeare mwenyewe alitofautisha lugha: Brutus, mmoja wa waliomuua, anawahutubia watu kwa nathari, maneno yamepimwa kama ya mwanasheria, Antony, rafiki wa marehemu, anakuja na mashairi. Tafsiri ya ngazi moja inaipoteza tofauti hiyo, au inaibakiza kwenye karatasi ambako sikio haliifikii. Lubumbashi tunaweza kuirudisha kwa njia yetu. Brutus aseme Kiswahili bora kisicho na doa, na Kifaransa kidogo pale anapotaja sheria. Watu watampigia makofi, kama wanavyompigia mgeni rasmi. Antony aanze katika ngazi hiyo hiyo, maana amepanda jukwaa kwa ruhusa ya Brutus, kisha ashuke. Kila mara umati unapomkatiza, anashuka kidato. Akifikia wosia wa Kaisari, zile drakma 75 kwa kila raia, awe anaongea kama mtu aliyekulia mlango wa pili. Hapo mtazamaji anatekwa kwa njia ile ile aliyotekwa Mrumi wa hadithi, na anagundua akiwa ameshachelewa. Lugha ya soko ndiyo inayobeba msiba huo.

Na mara baada ya hapo kuna onyesho fupi ambalo waongozaji wengi hulikata kwa kubana muda: umati unakutana na Cinna mshairi, unadhani ni Cinna aliyemuua Kaisari, na hata anapojieleza unamrarua kwa sababu ya jina lake. Hapa lisikatwe. Mji ambao mwaka 1992 na 1993 uliona watu wa asili ya Kasai wakifukuzwa Katanga unajua jina la mtu linaweza kumfanya nini. Usiongeze maelezo, wala usibadilishe Roma kuwa Likasi, mji wa hapa hapa Katanga. Watu watajaza wenyewe.

Michezo iliyosafiri vizuri ina tabia moja: aliyeihamisha hakuuliza neno hili linaitwaje kwetu, aliuliza kitu hiki kinafanya kazi gani. Mwandishi wa Marekani Lynn Nottage alianza na mpango wa kuhamisha Mother Courage, mchezo wa Mjerumani Bertolt Brecht, hadi kwenye vita vya mashariki ya Congo. Kwa Brecht, mama anavuta gari la bidhaa nyuma ya majeshi, vita vinamlisha na vinamla. Nottage akasikiliza wanawake wakimbizi wa Congo waliokuwa Uganda, akauacha mchezo wa Brecht akaandika wake, Ruined, uliochezwa mara ya kwanza Chicago mwaka 2008 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 2009. Gari limekuwa baa ya Mama Nadi katika mji wa machimbo: pale wanapoingia askari wa pande zote, wanaweka bunduki chini, wanakunywa. Kazi ya gari imebaki, gari lenyewe limekwenda. Na kwa kikundi chenye mfuko mdogo baa ni zawadi, maana mandhari haibadiliki usiku kucha. Kaunta, viti vinne, redio, basi.

Vichekesho navyo husafiri kwa mwili zaidi kuliko kwa maneno. Mwaka 2012, jukwaa la Globe jijini London lilipoalika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, kikaja na jina Wanawake wa Heri wa Winsa, na Mrisho Mpoto akiwa Falstaff. Mzee mnene anayewaandikia wake za watu wawili barua moja ile ile, akafichwa kwenye kapu la nguo chafu na kumwagwa mtoni: hakuna anayehitaji kamusi. Kwetu angemwagwa katika mto Kafubu, na swali la watazamaji lingekuwa nani atafua tena zile nguo.

Msimu mmoja Congo, mchezo wa Aimé Césaire wa 1966 kuhusu Lumumba, una ugumu wa aina nyingine. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji huu. Césaire aliwapa wanasiasa majina yaliyopindwa kidogo, Mokutu, Tzumbi, Kala-Lubu (Mobutu, Tshombe, Kasa-Vubu), na huko Ulaya pazia hilo linatosha. Lubumbashi halifichi kitu. Ukoo wa mmoja wao unaweza kuwa umekaa mstari wa tatu. Njia imo ndani ya mchezo wenyewe: yule mpiga sanza, kinanda kidogo cha vidole, anayepita kati ya maonyesho akiimba na kupiga mafumbo. Mpe likembe, sanza ya kwetu, na nafasi kubwa kuliko aliyopewa kitabuni. Penye jina zito aseme yeye, kwa fumbo, na wachezaji wakae kimya.

Bukavu nako kulipita mchezo usio na mchezaji hata mmoja. Mei 2015, muongozaji Milo Rau wa Uswisi aliweka mahakama katika ukumbi wa shule ya Collège Alfajiri, akawaita mashahidi wa kweli, wanasheria wa kweli na maofisa wa kweli kuzungumzia machimbo na mauaji. Hakuna aliyepewa maneno ya kukariri. Watu husema huo haukuwa mchezo. Mimi nasema ulikuwa mchezo wenye mpango mkali kuliko tamthilia nyingi: nani anasimama wapi, nani anauliza, nani ananyamaza mpaka aulizwe, lini kikao kinafungwa. Usichokiandika kwa maneno, unakiandika kwa utaratibu.

Huo utaratibu ndio vikundi vyetu vinaukosa, na unaweza kutengenezwa kwa karatasi chache sana. Kwa mchezo wa dakika 75, kata matukio yawe 10 mpaka 12, na kila tukio lipate kadi moja. Juu yake andika mambo manne tu: nani anaingia na anataka nini, nani anamzuia, neno moja ambalo lazima lisemwe kabla ya kutoka, kwa sababu tukio linalofuata linalitegemea, na sentensi ya kufunga, ile ambayo mwenzako akiisikia anajua atoke. Mengine yote ni ya mchezaji. Neno la lazima likisahaulika, mtu anaingia kumtafuta muuaji ambaye hakuna aliyesema ameua. Sentensi ya kufunga ikikosekana, tukio la dakika sita linavimba kuwa kumi na tano, maana watu wamecheka na mchezaji amelewa kicheko chao. Dawa yake ni mtu mmoja nje ya mchezo mwenye saa na ngoma. Pigo la kwanza ni onyo. La pili, sentensi ya kufunga isemwe popote mlipofika.

Wiki ya kwanza msisimame. Kaeni, mbishane kama walivyobishana wale wa 1986, na mwenye kubadilisha mpango auandike upya kwenye kadi mbele ya wote. Wiki ya pili chezeni tukio moja moja, kila moja mara tatu, na wachezaji wakibadilishana nafasi: anayecheza Brutus acheze pia Cassius, mwenzake katika njama, atajua mwenzake anabanwa wapi. Wiki ya tatu chezeni mfululizo bila kusimama, hata mkikosea. Mazoezi kumi na mawili kwa wachezaji wanane yanatosha, wanne kati yao wakibeba nafasi mbili mbili. Badilisha kofia na mwendo, usibadilishe nguo nzima, hakuna muda nyuma ya shuka.

Nyimbo ndizo misumari ya mchezo usioandikwa. Katika onyesho ambalo kila kitu kinaweza kunyooka au kusinyaa, wimbo una urefu unaojulikana, unamrudisha kila mtu kwenye mstari na unawapa wachezaji pumzi. Sarafina!, mchezo wa nyimbo wa Mbongeni Ngema ulioanza Johannesburg mwaka 1987, uliweka bendi jukwaani mbele ya macho ya watu, na sababu yake inaonekana: mwanamuziki anayemwona mchezaji anamfuata, aliyefichwa nyuma anamsubiri. Lubumbashi ina kwaya kila kona. Weka wimbo baada ya kila matukio matatu, wachezaji wauanze, kwaya iupokee. (Wengine wanaota muziki mkubwa kama ule wa The Lion King uliofika New York mwaka 1997. Ungehitaji fedha za mgodi mzima, na Kiswahili chake ni majina na misemo michache ya watalii.)

Kuhusu kifo cha jukwaani, mchezaji ajue watu watacheka. Wanacheka kwa sababu maiti anapumua, kisu ni cha jikoni, na pia kwa sababu wanaona haya ya kuogopa. Usipambane na kicheko hicho. Wauaji wamzingire Kaisari, migongo kwa watazamaji, watu wasikie tu. Wakiachana, ameshaanguka chali na kitambaa usoni. Kicheko kitakuja, kitakatika chenyewe, na ukimya unaokifuata ni mzito kuliko ule wa kuomba.

Mahali napo pana hesabu yake. Msimu wa mvua, tangu Novemba hadi Machi hivi, bati linameza sauti yoyote. Anayecheza chini ya bati mwezi wa Januari awe na wimbo wa akiba wa kuimba mpaka mvua ipite. Juni na Julai ni kukavu, lakini giza linaingia karibu saa kumi na mbili jioni na baridi inawaondoa watu. Mchezo uanze saa tisa na nusu alasiri. Jukwaa liwe upande wa mashariki wa lupango, watazamaji wawe na jua mgongoni. Ukigeuza, watu mia wanafunika macho kwa mikono na hawaoni kitu. Ukilazimika kucheza usiku, jenereta ikae mita 30 au zaidi, nyuma ya ukuta, na taa mbili za LED za wati 50 ziinuliwe mita tatu, kushoto na kulia, zikielekea katikati. Taa moja ya mbele inafuta nyuso, na taa iliyowekwa chini inamfanya kila mtu mchawi.

Wapo watakaosema yote haya ni bure bila ukumbi, na watanyoosha kidole kwenye jengo la 30 Juin, teatre ya zamani ya mji ambayo Bunge la Jimbo liligeuza kuwa makao yake. Kuna kejeli ndani yake, sawa. Ila Mufwankolo alicheza Kawama.

Waliosema teatre imehamia kwenye simu tuwapime kwa haki. Vijana wale wana sikio. Mtazame anayeigiza mdaiwa: akisema kweli anasema Kiswahili cha mtaa, akianza kudanganya anapanda Kifaransa, na hakuna aliyemfundisha. Hiyo ni nusu ya ufundi wa Mufwankolo, hai na bure. Nusu nyingine haiingii kwenye dakika mbili. Mama mkwe wa kwenye simu hana kesho. Video inakatwa kwenye kicheko, hakuna anayelipa alichokifanya. Jukwaani angekaa na sisi dakika 75, tungemcheka dakika 20, kisha tungeanza kumwelewa, na mama mmoja wa mstari wa mbele angemjibu kwa sauti, naye angelazimika kumjibu. Maoni yaliyoandikwa chini ya video yanafika wakati mchezaji ameshalala.

Simu hiyo hiyo basi ipewe kazi nyingine. Iwekwe pembeni kila siku ya mazoezi na ya onyesho, inase sauti tu, bila picha. Mchezaji anayejua anapigwa picha anaanza kuichezea kamera. Baada ya onyesho la mwisho mtu mmoja asikilize na kuandika. Sauti ya saa moja na robo itamla siku mbili au tatu, na atakwama kwenye sentensi ya kwanza kabisa: aandike mtu au mutu, watu au batu, ndiyo au njo? Aandike alichosikia. Brutus akisema « watu », aandike watu. Umati ukijibu « batu », aandike batu, na asimruhusu mwalimu yeyote kusahihisha.